Okelo Hajaandikwa Kutoka

Kabla sijaanza nikwambie kitu kimoja: mimi sinywi. Sijawahi kuonja chang'aa wala busaa, hata harusini. Nasema hivyo kwa sababu kila nikimsimulia mtu habari hii, naona ananitazama macho kwanza kama ni mekundu. Haya niliyaona jua likiwa bado liko juu ya ziwa, akili zangu timamu. Ukikataa kuamini ni shauri yako, lakini usiniite mwongo.

Miaka ile ya sabini nilikuwa askari wa geti katika uwanja mdogo wa ndege kando ya ziwa, si mbali na mji wa Kisumu. Jina la uwanja silitaji, nina sababu zangu. Sikuwa kwenye geti la abiria. Nilikuwa kule nyuma, geti la wafanyakazi, wanakopita watu wa kukata nyasi na kufagia njia ya ndege. Wakati huo tulisikia kwamba huko duniani ndege zinatekwa, na amri ikaja kutoka Nairobi: kila mfanyakazi akaguliwe akiingia na akitoka, na kila kifaa kiandikwe. Nikapewa meza, rejista kubwa, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Basi nikajiona waziri!

Ukiingia na slasha ya kukatia nyasi, nilikuandika jina lako na slasha moja. Ukitoka, nilikupapasa mifuko, nikaitazama slasha, nikapiga mstari mwekundu. Na kila asubuhi niliwapigia kelele: "Mtu akitoka hapa bila kuandikwa, kazi amepoteza! Hata nyumba yako ikiungua, utaandikwa kwanza!" Walinicheka, ila walitii. Aliyetii kuliko wote alikuwa Okelo, mtu mzima wa Asembo Bay, mpole, mwenye sauti ndogo. Siku moja alitoka nikiwa msalani. Alikuwa amefika barabarani, akarudi, akanisubiri nimkague.

Jumanne moja alasiri, mvua ikitishia, radi ilimpiga Okelo kule mwisho wa njia ya ndege, akafa pale pale. Nani asiyezijua radi za ziwa hili? Wenzake wakampakia kwenye gari, wakamtoa kwa geti la abiria kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na hospitali. Jioni nikabaki na rejista yangu: Okelo, slasha moja, ameingia. Upande wa kutoka hapakuwa na kitu. Sikujua niandike nini, nikaacha hivyo.

Siku ya tatu wakaja watu wake. Alikuwepo mama yake, mwanamke mzee mwembamba, pamoja na wanawake wawili wa ukoo. Mama alishika tawi bichi. Nilielewa wamekuja kufanya nini, maana hata kwetu Maragoli tunayajua hayo. Mtu akifia mbali na nyumbani, watu wake huenda mahali pale pale alipoanguka, wakamwita kwa jina, wakamwambia twende. Bila hivyo unazika mwili tu, mwenyewe anabaki huko.

"Bwana askari," Mama akaniambia, "sisi nataka tu pale yeye alianguka. Dakika kidogo. Tunaita yeye, tunaenda."

"Mama, una pasi?"

"Pasi ya nini? Mimi iko mama yake."

Nilikwenda kwa bwana mkubwa wetu ofisini. Hata kichwa hakuinua. "Hakuna pasi, hakuna kuingia," akasema. "Waandike barua Nairobi." Barua! Maiti iko mochari, mama ana tawi linalonyauka mkononi, naye anaambiwa aandike barua Nairobi. Walisimama pale getini tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Kisha wakaondoka, wakamzika hivyo hivyo.

Ningeweza kufungua. Nisikilize vizuri hapa: nilikuwa na ufunguo, hapakuwa na mtu wa kuniona, na kutoka getini hadi pale alipoanguka ni mwendo mfupi. Sikufungua kwa sababu niliipenda rejista ile kuliko watu. Hasira niliyo nayo kwa bwana mkubwa ni kubwa, lakini niliyo nayo kwa nafsi yangu ni kubwa zaidi.

Wiki iliyofuata, saa kumi na moja na nusu jioni, wafanyakazi wote walikuwa wametoka. Nilikuwa nafunga kitabu niliposikia sauti ndogo upande wa ndani.

"Bwana askari, nikague nitoke."

Nikainua macho. Okelo! Slasha begani, mpini wake mweusi kwa kuungua, na sare yake ya kaki inachuruzika maji, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha hata tone. Unafikiri nilikimbia? Miguu ilikataa. Mikono ndiyo iliyofanya kazi iliyoizoea: ikaenda yenyewe kumpapasa mifuko. Niamini, nilishika kitambaa kilicholowa, baridi, na ndani yake hapakuwa na mtu. Kilikuwa kitambaa tu, kimesimama.

Na unajua mdomo wangu ulimwambia nini? "Leo hujaandikwa kuingia. Siwezi kukuandika kutoka."

Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, mzee," akageuka, akarudi nyasini.

Kesho yake akaja tena saa ile ile. Kesho kutwa pia. Siku ya nne nikapata ujasiri, nikafungua geti wazi. "Toka tu, ndugu yangu. Nenda nyumbani."

"Hapana, mzee. Hujaandika. Nitapoteza kazi."

Nikachukua rejista mpya, nikaandika jina lake na slasha yake, nikapiga mstari mwekundu, nikamwonyesha. Akainama akasoma polepole. "Hii siku si yangu," akasema. "Mimi niliingia Jumanne."

Jumanne yake ilikuwa kwenye rejista ya zamani, na rejista ya zamani ilikuwa kabatini kwa bwana mkubwa, imefungiwa kwa ajili ya uchunguzi. Nikaenda kuiomba. Nilitaka mstari mmoja tu, dakika moja. Akaniambia ukurasa umeshafungwa na kuugusa ni jela. Nikamwambia ukweli wote. Akanisogelea, akaninusa mdomo! Kisha akaniandikia barua ya onyo kwamba nalewa kazini. Nilitoka ofisini nikilia kwa hasira, mtu mzima mimi, baba wa watoto watatu.

Siku yangu ya mapumziko nikasafiri hadi Asembo Bay. Nilimkuta Mama anaanika dagaa wa omena. Nikamweleza kila kitu, nikingoja anitukane, na ningefurahi kama angenitukana. Alinawa mikono, akaenda kukata tawi jipya.

Tulifika uwanjani Jumapili, maana Jumapili bwana mkubwa haji kazini. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba leo nitamwingiza Mama, nifukuzwe nikifukuzwa. Kumbe bwana mkubwa, baada ya ile habari yangu, alikuwa ameweka kufuli jipya nikiwa safarini, na ufunguo amekwenda nao nyumbani kwake. Nililipiga lile kufuli kwa jiwe mpaka vidole vikatoka damu. Wapi!

"Wacha," Mama akasema. "Mimi itaita hapa hapa."

Akasimama mbele ya waya, akainua tawi, akaita. "Okelo! Okelo nyathina! Bi wadhi dala!" Mwanangu, njoo twende nyumbani. Sauti ile sijaisahau. Aliita mara tatu.

Okelo akatokea nyasini, slasha begani. Alitembea mpaka hatua mbili kutoka kwenye waya, akasimama mbele ya mama yake. Mama alikuwa anatazama nyasi tu. Hakumwona.

"Amesikia?" akaniuliza. "Anasema nini?"

Okelo alinitazama mimi, si yeye. Akasema, "Mwambie Mama sijaandikwa."

Nikamtazama yule mwanamke mzee, vumbi la safari miguuni, tawi bado ameliinua. Moyo ukanishinda. "Anasema sawa, Mama," nikamwambia. "Ameshatoka. Yuko nyuma yako."

Uso wake ukafunguka, akatabasamu. "Ero kamano," akanishukuru. Akageuka akashika barabara bila kutazama nyuma, kama desturi inavyotaka, akimsimulia mwanawe njia. Hapa ni Otonglo, unaona, soko limefungwa. Sasa tunaenda Kisian. Usichoke, baba, gari liko karibu. Nilimfuata mpaka alipopanda basi, na hata ndani ya basi aliacha nafasi kwenye kiti. Okelo nilimwacha kule kule, ameshika waya kwa vidole, anamtazama mama yake akienda.

Kazi ile niliiacha mwisho wa mwezi. Mama naye hakukaa sana, alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda mazishini, na watu wa boma walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. Walisema Mama alikufa ametulia, kwa sababu askari mmoja mwema alimtolea mwanawe. Nikala chakula chao. Mpaka leo ikifika saa kumi na moja na nusu siwezi kukaa kitako, popote nilipo. Wanaofanya kazi kule wanasema hawajaona kitu. Labda hawamwoni. Labda kila jioni anaomba kukaguliwa na hakuna anayemsikia.

Wewe unayekaa getini na kitabu, wakija watu wa marehemu, fungua. Lakini hilo silo ninalotaka ulishike. Shika hili: mama mtu akikuuliza mwanawe anasema nini, mwambie, hata kama linauma. Okelo alinitii mimi kwa sababu nilikuwa na kalamu, lakini yule alikuwa mama yake. Ningemwambia ukweli, angemkemea mara moja tu, "Achana na kitabu cha watu, toka hapo!" na naapa kwa Mungu, Okelo angetoka.