Betri Tatu Juu ya Bati

Bartholomeo alipokufa, mkewe Vumilia hakulia. Watu waliokuja kumzika kijijini Songwa walilisema hilo huku bado wanakula wali wa msibani, maana midomo ya watu haina likizo. Wengine walisema amejikaza. Wengine walisema mengine. Yeye alikuwa uani anaosha masufuria.

Sasa ni miaka miwili. Anapika chakula cha kuuza Kambarage, mjini Shinyanga, na wateja wanamsifu kwa mchuzi ambao yeye mwenyewe haisikii ladha yake. Akitaka kujua kama chumvi imetosha, humpa Zipora wa nyumba ya pili aonje. Zipora akisema imetosha, basi imetosha.

Jumatatu mwanawe Sostenes angerudi machimboni Geita, kwenye shimo la dhahabu, duara lile lile lililomchukua baba yake. Sostenes ni mtu mzima wa miaka ishirini na saba, ana mke, na bodaboda imemshinda. Vumilia hakumkataza. Alisema tu, "Betri za tochi nitanunua mimi."

"Betri tu, mama?"

"Betri tu."

Kwa asiyejua: huku kwetu betri haifi siku moja. Ikififia inang'atwa kidogo, inaanikwa juani kama dagaa, na jioni inarudishwa kwenye tochi ikawaka tena, kwa aibu aibu. Kila nyumba ina mahali pake pa kuanikia. Kwa Vumilia palikuwa juu ya bati la banda la kuku. Asubuhi ile ya mwisho Bartholomeo alimwambia, "Mama Sostenes, ninunulie betri mpya," naye akamjibu, "Hizo nimezianika jana, zina siku tatu nne hizo." Mume akaondoka nazo. Siku ya tatu Maganga, mwenzake wa duarani, akapiga simu: Bartholomeo ameteleza kwenye matimba, yale magogo wanayokanyaga wakishuka shimoni.

Ameteleza. Vumilia alilichukua neno hilo akaliongezea lililopungua: gizani. Hakumuuliza Maganga. Hakumuuliza hata Sostenes, ambaye siku hiyo alikuwa juu akivuta kamba. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini yupo asiyeuliza kwa sababu anadhani jibu analo tayari. Tangu hapo hakuna kilichoanikwa juu ya bati lile, hata mchicha.

Jumamosi alikwenda kwa Ignas, muuza vifaa vya umeme, mtu mwenye maneno kuliko bidhaa.

"Shikamoo, mayu," Ignas alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Nataka betri za kuchaji, na chaja yake. Za tochi ya kichwani."

"Inakula ngapi?"

"Tatu. Zile nyembamba."

"Hapo ndipo watu wanapokosea," Ignas alisema, akatandaza chaja mbili mezani. "Hii ya rahisi inachaji mbili mbili. Ukiwa na tatu, moja inakaa bure kama mgeni asiyekaribishwa, na tochi yenye betri moja mbovu si tochi. Chukua hii. Kila betri ina taa yake. Nyekundu inachaji, kijani imejaa. Hata kwenye sola ya kambini inachomekwa."

Kisha akaleta betri za aina mbili. Za kwanza ziliandikwa ubavuni elfu tatu, kipimo cha chaji inayoingia, za pili mia nane. Mkono wa Vumilia ulikwenda kwenye elfu tatu, kama ambavyo ungekwenda mkono wa mtu yeyote.

"Weka chini hizo, mayu. Kidude hiki kidogo kitazibeba wapi elfu tatu? Namba anaandika mwenye kiwanda, hakuna anayemkamata mkono. Wewe zipime."

Akazipima, moja kila kiganja. Ya mia nane ilikuwa nzito zaidi.

"Uongo ni mwepesi," Ignas alisema, akajifurahia mwenyewe. "Chukua sita. Tatu kichwani, tatu kwenye chaja, anabadilisha."

"Zikijaa, zitamtosha kushuka na kupanda?"

"Zamu nzima."

Vumilia alizihesabu sita. "Na zikififia, zinaanikwa?"

Ignas alicheka mpaka akashika meza. "Mayu! Hizi na jua ni maadui. Hata zile za zamani jua lilikuwa linazidanganya tu."

Hakujua alichokisema, na hatumlaumu. Vumilia alisubiri maumivu, kama mtu aliyejikwaa anavyosubiri kidole kianze kuuma. Hayakuja. Akalipa, akaomba mfuko.

Jumapili, baada ya kanisa, Sostenes alikaa sebuleni akifunga begi. Betri zilikuwa kwenye chaja ukutani. Vumilia alileta chai, akasimama.

"Usizianike hizo."

"Nani anaanika betri siku hizi, mama?"

"Mimi. Za baba yako nilizianika. Aliniomba mpya, nikamnyima." Alilisema kwa sauti ile ile anayowaambia wateja kwamba wali umekwisha. "Zikamzimikia shimoni, akateleza."

Sostenes aliliacha begi.

"Nani kakwambia zilizima?"

"Maganga alisema ameteleza."

"Mama, hilo ni neno la kwenye simu. Maganga angekwambiaje? Gogo lilikuwa limeoza, likakatika. Yote yamebadilishwa sasa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tulimtoa saa sita mchana. Tochi ilikuwa kichwani kwake, inawaka. Kwa jua lile wengine hawakuiona. Mimi ndiye niliyeizima."

Vumilia alikaa chini. Chai ilikuwa bado mkononi.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nikajua hutaki kusikia."

"Ilikuwa inawaka sana, au kidogo?"

"Sana, mama. Nilipoinama ilinipiga machoni."

"Sana?"

"Sana."

Alitaka kuuliza mara ya tatu, lakini swali halikufika mwisho. Kilio kilimtoka kikubwa, kile cha mwanamke anayepokea habari ya msiba mlangoni, na chai yote ikamwagika kwenye begi la mwanawe. Zipora aliposikia aliacha sufuria jikoni kwake, akaja mbio, kanga begani.

"Jamani, nani amefariki?"

Sostenes alikuwa amemshika mama yake mabega. Hakuona cha kuficha.

"Baba," akasema. "Baba amefariki."