Mama Alivyotaka Kuulaza Uvimbe Njaa

Mama alikimbia vita Luberizi akaja kukaa kwangu Kilibula. Ndani ya titi alikuwa na kitu kigumu alichokificha tangu mavuno, nami nilikigundua nikimsaidia kuoga. Nilikasirika sana. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia hivyo usoni, na juu ya pikipiki nikaendelea kumgombeza mpaka hospitali, mbele ya dereva, bila haya.

Daktari alitueleza taratibu. Chembe za uvimbe zikikosa hewa hutoa vichocheo vya ukuaji. Vichocheo hivyo huifikia mishipa ya damu iliyo karibu, nayo huchipua matawi mapya yanayoufuata uvimbe mpaka ndani. Hapo uvimbe unapata chakula, unanenepa. Dawa ni kuutoa, lakini daktari mpasuaji alikuwa Bukavu na barabara ilikuwa imefungwa na vita. Ilibidi tungoje.

Mama alikuwa mlimaji wa mpunga. Maisha yake yote alifungua na kufunga maji ya shamba kwa jembe. Katika maelezo yote yale alishika neno moja tu, chakula, na kuanzia siku ile akawa anasukuma sahani.

"Miye nafunga maji," aliniambia. "Tutaona ile kitu itakula nini."

Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nikapika samaki wadogo wa ndagala kwa nyanya, nikabembeleza, nikatukana. Wapi! Alikunywa chai ya rangi na kusali rozari. Bunduki zilisikika milimani, lakini mimi niliiogopa zaidi ile sahani iliyorudi imejaa.

Barabara ilipofunguka, mpasuaji alikuja, akampima damu, akakataa kumgusa. Ilikuwa kidogo mno, angemfia mezani. Daktari wetu akaketi kando ya mama.

"Mama, maji yakipungua mtoni, shamba gani linakauka kwanza?"

"La chini," mama akajibu. "La juu linajijaza kwanza."

"Uvimbe ndio uko juu. Umejichimbia mifereji yake. Shamba la chini ni mama mwenyewe. Na damu ikikosa nguvu, hewa inapungua, basi uvimbe unaita mishipa mingine zaidi."

Mama akanigeukia. "Umebeba nini mu kale kasufuria?"

Nilitoka nje nikalia kwanza, ndipo nikarudi kumpakulia.

Walimpasua alipopata nguvu. Alipoamka vizuri akaomba aonyeshwe kilichotoka, na muuguzi akaleta beseni. Mishipa myekundu ilikuwa imekizunguka kile kinyama pande zote. Mama alikitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe niko na damu mingi hivi," akasema polepole. Kisha akamuuliza daktari: "Ile kitu iliita na kwingine mu mwili?"

Daktari hakumdanganya. Alisema hajui bado.

Mama akanishika mkono. "Basi leo tunakula nini?"