Ganda Lililolia Vibaya

Kila nikiloweka ukwaju, kabla hata sijaukamua, harufu yake hainipeleki kwenye meza ya futari. Hunipeleka kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba moja Turffontein, kusini mwa Johannesburg, ambako pipa dogo la mpira lilizunguka juu ya mashine yake likisema shaa, shaa, shaa, kama mtu anayesukutua mdomo bila kuchoka. Ndani ya pipa mlikuwa na maji, sabuni ya vyombo, vipande vya chuma cha pua vyembamba kama sindano zilizokatwakatwa, na maganda matupu ya risasi. Najua hii si kumbukumbu mnayoitarajia kutoka kwa binti wa watu wa Tanga. Nivumilieni.

Tulipanga chumba na jiko uani kwa mzee mmoja wa Kizungu, fundi mstaafu wa mitambo ya migodini, aliyefiwa na mkewe zamani. Mtaa mzima ulimwita Oom, yaani mjomba kwa Kiafrikana, nasi tukamwita hivyohivyo. Mama alinilazimisha kumwamkia kila asubuhi. Mwanzoni mzee alinikodolea macho tu. Baadaye alifundishwa, na ikawa nikisema "Shikamoo, Oom," ananijibu "Maraba!" kwa sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, mpaka mbwa wa jirani wanabweka.

Oom alikuwa mlenga shabaha wa mashindano. Risasi zake alizitengeneza mwenyewe: aliokota maganda yake uwanjani baada ya kufyatua, akang'oa fataki zilizokwisha kulipuka kwenye vitako vya maganda, akayaosha, kisha akayajaza upya. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, na pipa lililojaa maji likawa linamshinda kuinua. Akamwomba Baba amsaidie kuosha. Baba alikuwa mlinzi wa getini kwenye jengo la ofisi huko Randburg, na siku zake za mapumziko aliingia gereji. Mimi nilianza kwa kushika taulo. Haikupita muda kazi ikawa yangu, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kufanya jambo kupita kiasi.

Niwaeleze mtoto yule alivyokuwa, maana bado ninaishi naye. Nilitafuna kucha mpaka zikatoka damu. Mwalimu wangu aliamini sifanyi kazi za nyumbani, kumbe nilizifanya tena na tena, nikaona herufi moja imekaa upande, nikachana ukurasa. Kulala kulinishinda kama nilikumbuka neno nililolisema vibaya mchana. Hata Kiswahili hiki cha kuandika nimejifundisha mwenyewe ukubwani, maana darasani kilikuwa Kiingereza na uwanjani Kizulu, na aya hii nimeifuta mara nyingi kuliko nitakavyokubali kusema.

Gereji ndiyo ilinituliza. Maganda yaliingia pipani meusi kwa masizi ya baruti, yakinuka kiberiti kilichozimwa, yakatoka yaking'aa kama hereni. Niliyamwaga kwenye chujio, nikapitisha sumaku juu yake kunasa vile vipande vya chuma, nikayasuuza kwa maji mengi, nikayatandaza kwenye taulo kando ya ukuta palipopata jua. Kisha nikachungulia kila moja, ndani na nje. Hakuna aliyeniambia, "Zuhura, inatosha." Kwa mara ya kwanza tabia yangu ilikuwa na kazi.

Mama hakukanyaga humo. Alisimama kwenye mlango wa jiko akaita kutoka huko: "Zuhura! Nawa mpaka viwikoni, halafu nawa tena!" Nguo zangu za gereji hazikuruhusiwa kulala na nguo nyingine. Nilidhani anachukia masizi.

"Vitu vya kuulia watu hivyo," nilimsikia akimwambia Baba siku moja.

"Vya kutobolea karatasi, Mama Zuhura. Mzee anatoboa karatasi."

"Karatasi imemkosea nini?"

Baba alicheka peke yake.

Basi mwaka mmoja, Ramadhani ikikaribia, ule unga mweupe mchachu ambao Oom alituambia tuweke kwenye maji ili shaba itakate ukatuishia, na yeye alitaka maganda asubuhi ya Jumamosi ayajaze kwa mashindano ya Jumapili. Baba alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Akakumbuka sinia za shaba za mama yake, zilivyosuguliwa kwa ukwaju mpaka unajiona meno. Akafungua kabati la jikoni, akatoa bonge zima la ukwaju ambao Mama aliupata kwa Mhindi mmoja mjini na kuuweka kwa ajili ya mwezi mtukufu, akaupondaponda majini na kuutia pipani. Kuuchuja hakukumbuka. Mama aliingia jikoni akakuta karatasi tupu.

"Baba Zuhura! Ukwaju wangu wa futari unaogesha risasi?"

"Shaba ni shaba," Baba alijibu, mkoba tayari begani. "Utaona zitakavyowaka."

"Na kokwa? Umetoa kokwa?"

"Eish," alisema Baba kwa sauti ndogo, akaongeza mwendo kuelekea getini.

Zilivyowaka, Baba hakukosea. Asubuhi ya Jumamosi nilipoyamwaga, maganda yalikuwa na rangi ya dhahabu ambayo ule unga haukuwahi kuyapa. Lakini ndani yamejaa nyuzi za ukwaju, zimejikunja kama nywele kwenye kitana. Nilikaa juu ya kreti na kijiti cha meno, nikachokoa moja baada ya jingine mpaka kichwa kikaniuma. Yalipokauka niliyakusanya kwenye taulo na kuyamimina ndooni. Yakamiminika yakilia kama kengele ndogo, na katikati ya kengele hizo nikasikia kitu kimoja kikilia kama kifungo cha shati.

Nikaacha kumimina. Oom alishanifunza: ganda zima likigongana na wenzake hulia, lililopasuka hufa sauti. Ukilijaza lililopasuka, alisema, moto wa baruti unaweza kupenya kwenye ufa na kumrudia mpigaji. Alisema hivyo akipitisha kiganja mbele ya macho yake, kama mtu anayefukuza nzi, na pengine alishasahau kabla hajamaliza sentensi. Mimi sikusahau. Nililala na kiganja kile, nikaamka nacho.

Nilianza kuyakagua. Nikachukua moja, nikalizungusha kwenye mwanga, zima, nikalirudisha ndooni. Jingine, zima, ndooni. Nikatikisa ndoo. Kifungo kikalia. Nikaanza upya, haraka zaidi, vidole vikateleza. Ng'ambo ya ua nilisikia birika la Oom linapiga mluzi. Akishakunywa kahawa yake angekuja na kuchukua ndoo, na kesho yake angesimama uwanjani, anyanyue bastola mpaka usawa wa uso, na iwe mimi niliyempofusha. Sikuweza kumwambia pia. Nikimwambia kuna ganda bovu na silioni, nilifikiri, ataona kwamba sijui kazi, na Baba atadharaulika kwa ajili yangu. Nikaanza kulia, kile kilio cha kuzuia kinachotoka puani.

Kivuli kikaingia gereji. Alikuwa Mama, mikono ina unga wa ngano mpaka kwenye bangili.

"Nini?"

"Kuna moja limepasuka. Silioni. Nimeangalia yote."

"Uliyoyaangalia yako wapi?"

"Ndooni."

"Na ambayo hujayaangalia?"

"Ndooni."

Mama alichungulia ndoo. "Sasa wewe, mwanangu, unachagua mchele halafu unaurudisha kwenye mawe?"

Akageuka akatoka. Nilijua amenichoka. Lakini alirudi amenawa, na mkononi ana ungo wake. Ungo ule ulitoka Tanga kwenye begi la nguo, na Baba mwenyewe hakuruhusiwa kuweka hata funguo ndani yake. Mama akavuta ndoo ya rangi iliyokuwa tupu, akaigeuza, akaikalia. Akachukua ganda moja kwa ncha za vidole viwili, kama unavyomtoa mende kwenye sukari. Akafumba macho kidogo. Kisha akazamisha mkono wote ndooni, akateka konzi, akanipa.

"Tikisa."

Nikatikisa karibu na sikio lake. Yakalia vizuri.

"Mazima hayo. Weka ungoni. Yakishaingia humu usiyaguse tena."

"Na kama nimekosea kusik..."

"Usiyaguse, Zuu."

Tukaendelea hivyo, konzi kwa konzi. Aliniambia kwao mtu hanunui chungu kwa macho. Anakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na muuza vyungu akikuona unagonga anaacha kukutania. Nilimwuliza kama yeye aliwahi kuuziwa chungu kibovu. "Nimeuziwa mume anayeoshea risasi kwa ukwaju," akasema.

Konzi moja likafa sauti. Tukaligawa, tukatikisa, tukaligawa tena, mpaka likabaki ganda moja. Mama akaligongesha kwenye kucha, kikadondoka kipande cha kokwa.

"Huyu hapa baba yako."

Tulicheka mpaka nikasahau machozi. Ndiyo hilo, nikasema, limepatikana, tumemaliza. Nilitaka liwe limekwisha kwa namna ambayo nyie mnaojua wasiwasi mtanielewa. Mama hakubisha. Aliinua tu ndoo yenye maganda yaliyosalia na kuitikisa mara moja. Kifungo kikalia.

Lilikuwa kwenye konzi karibu na la mwisho. Ufa wake ulikuwa mwembamba kama unywele, ukishuka kutoka mdomoni, nao ulionekana kwa sababu tu ukwaju ulikuwa umeing'arisha shaba pande zote mbili za mstari ule. Lingekuwa na masizi, nisingeuona milele.

Oom aliingia na kikombe chake cha bati. "Shikamoo," nikasema. "Maraba." Nikamnyooshea lile ganda na kuanza kuomba radhi kwa Kiingereza cha kukimbia, kwamba nilichelewa, kwamba nilipaswa kuliona mapema. Hakunisikiliza. Aliliinua kwenye mwanga wa mlango, akalizungusha, uso wake ukafunguka.

"Ja, ja. Hili ndilo," alisema. "Mtoto, unadhani nayaosha ili yang'ae? Nayaosha ili nione."

Akachukua koleo ukutani, akalibana ganda lile mpaka likawa bapa, ili lisije likajichanganya tena na mazima na kumdanganya mtu. Kisha akainama juu ya ungo, akanusa, akakunja pua.

"Mbona yananuka achari?"

"Muulize mume wangu," Mama akamjibu, akammiminia maganda kwenye ndoo yake, akaondoka na ungo wake. Aliusugua kwa sabuni na maji ya moto na kuuanika juani mpaka jioni.

Jumapili Oom alirudi na macho yake yote mawili. Hakushinda chochote.

Kwa muda mrefu niliamini nilimwokoa. Mpaka siku moja, nilipokuwa nampelekea sahani ya mandazi, nikamkuta kwenye meza yake ya kujazia, miwani imeshuka puani, mkononi lenzi ya kukuzia, anayapitia maganda niliyokwisha kuyapitia. Moja moja. Alikuwa akifanya hivyo siku zote. Niliudhika kwanza, nikaona haniamini. Nilipofika nusu ya ua nikahisi mabega yanashuka. Baada yangu kulikuwa na macho mengine. Nikikosa mimi, dunia haikosi. Sijui kama kuna jambo shule iliwahi kunipa linalolingana na hilo, na mzee yule hakujua kwamba amenipa.

La Mama lilichelewa zaidi. Mwaka jana tulikuwa tunakunja shuka, nikamtania kuhusu siku alipoingia gereji na ungo. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukijua. Kabla ya Turffontein tuliishi Diepsloot, na Mama alikuwa na spaza, duka dogo la mabati la mchele, mafuta na mkaa. Mimi nakumbuka tu kwamba tulihama. Kumbe usiku mmoja vijana walivunja maduka ya wageni mtaa mzima. Baba alikuwa kazini. Mama alinipeleka kwa jirani yetu wa Kizulu, ambaye alinilaza na wanawe na kufunga mlango, na yeye Mama akajificha chooni akisikiliza milio ya risasi. Asubuhi alirudi dukani kufagia. Vioo, mchele, na vile vitu.

"Sikujua hata vinaitwaje," alisema. "Nilijua mlio wake tu, kwenye kizoleo."

Mlio huohuo ukamfuata uani Turffontein, kila wiki, kutoka kwenye mikono ya mtoto wake. Nilimwuliza kwa nini hakunikataza.

"Siku za gereji ulikuwa unakula ukamaliza."

"Na ile siku? Kwa nini uliingia?"

"Si ulikuwa unalia?"

Alisema hivyo kama anavyotaja bei ya vitunguu, akanipa pembe mbili za shuka, tukaendelea kukunja. Miaka yote nilidhani asubuhi ile tulikuwa wawili tukitafuta ganda moja. Sasa najua Mama alikuwa na lake alilolisikia katika kila konzi, na hakunitajia, kwa sababu asubuhi ile zamu ya kuogopa ilikuwa yangu.