Sauti Niliyompachika Rafiki Yangu

Filamu zangu za kwanza hazikuwa na maneno. Sikuwa na maikrofoni, na nyundo za mafundi wa jua kali pale mtaani Huruma zingemeza kila neno. Mwigizaji wangu alikuwa jirani yangu, fundi viatu mwenye kigugumizi. Uso wake ulisema kila kitu. Akiinua nyusi tu, ukumbi mzima wa video ulicheka. Watu walikuja kwa sababu yake, na sifa nikazichukua mimi.

Kisha watazamaji wakaanza kutaka mazungumzo, nami nikanunua maikrofoni. Tulirekodi msituni Kaptagat siku nzima. Alikwama kwenye sentensi ileile mpaka machozi yakamtoka.

"Usijali, mzee," nikamwambia. "Tutarekebisha."

Nilirekebisha kwa kumwita mtangazaji mmoja wa redio aweke sauti yake juu ya ile ya rafiki yangu. Sikumwambia.

Siku ya maonyesho alikuja na mkewe, amevaa koti la kanisani. Alipofungua mdomo kwenye skrini, ikatoka sauti nzito ya mtu mwingine. Watu wakapiga makofi.

"Nani huyo anaongea?" mkewe akauliza.

Rafiki yangu alisimama akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni.

"U-u-ungeniuliza tu," akasema.

Mwezi huo walihamia mtaa wa Kimumu, na hakuigiza tena. Nimetengeneza filamu nyingine tatu zilizojaa maneno, na hakuna hata moja iliyojaza ukumbi ule. Watu wakiniuliza alikoenda, huwaambia alichoka na kazi. Ni uongo.