Siku Walipopima Betri

Shangazi yangu alikuwa kwenye mashine ya oksijeni siku kamati ya kituo cha afya ilipokutana kumchagua fundi wa kubadilisha betri za akiba. Tulikuwa tumemleta kutoka Keza kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia.

Mafundi walikuwa wawili. Wa Ngara mjini alisema betri za zamani bado nzima, umeme ukikatika zitawasha kituo, zisafishwe tu. Wa Biharamulo alisema zimekufa zote, zing'olewe. Wakabishana koridoni mpaka mwenyekiti wa kamati akachoka.

"Maneno ya nini? Zimeni umeme tujionee!"

Nilipiga kelele kutoka mlangoni mwa wodi kwamba ndani kuna mgonjwa. Mwenyekiti akaninyooshea kiganja, kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani, na swichi kubwa ikashushwa.

Mashine ikazimika. Shangazi akakamata shuka, mdomo wazi, macho yakinitafuta. Kule koridoni nikasikia makofi. Makofi! Wa Biharamulo ameshinda, betri zimekufa kweli. Wakapeana mikono, wakapiga picha, ndipo mtu akakumbuka kurudisha umeme.

Mwenyekiti akaingia wodini anatabasamu, akainama kitandani.

"Shikamoo, mama."

Kisha akabaki ameinama vile vile, anasubiri. Na shangazi yangu, aliyelelewa asiache salamu ya mtu bila jibu, pumzi ya kwanza aliyoipata aliitumia kumwitikia:

"Marahaba, mwanangu."