Waini ya Plamu Kutoka Shimo la Mashimoni

Ukienda harusi Kawangware ukapewa gilasi ya kinywaji chekundu, safi mpaka unaona vidole vyako upande wa pili, usiulize imetoka ng'ambo gani. Ni yangu. Mimi niliyeacha shule darasa la tatu ndiye ninayeitengeneza, na mke wangu na watoto wetu. Watu wenye digrii zao huja kuniuliza siri. Nawaambia siri ni baridi, wanafikiri nawaficha.

Kazi hii nilijifunza kwa mama mmoja mzungu wa Limuru niliyekuwa nikimwoshea vyombo. Kila Januari alikamua plamu za shamba lake, akatia sukari, akajaza chupa kubwa za glasi zenye tumbo, kisha akazishusha chini ya nyumba penye baridi. Kwetu pombe ya asali hukaa karibu na moto, na siku chache tu wazee wanaimba. Yake ilikaa miezi. Nilidhani ni uvivu. Siku aliponionjesha, nikaomba gilasi nyingine. Alipouza shamba akaenda kwao, aliniachia chupa mbili na mipira yake, ya kuziba mdomo na ya kuhamishia waini. Niliziteremsha mpaka Kibera zimefungwa kwa blanketi langu la pekee.

Nikapanga chumba Mashimoni, humo humo Kibera, nikapata kibarua cha kuchanganya simiti Kawangware, kwa mzee mwenye ploti aliyekuwa akijenga vyumba vya kupangisha. Mzee alikuwa na binti aliyetuletea chai. Sitasema mengi. Vyumba vilipokwisha, binti alikuwa kwangu Mashimoni.

Mzee akaniita.

"Wewe mchanganya simiti, umebeba msichana wangu kama mfuko wa simiti, bila kuuliza. Sasa sikia. Mwezi wa nane lete pombe ya wazee. Tukiinywa, ni wako. Tukiikataa, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

"Nitaleta, mzee. Nitaleta waini."

"Ya kanisani?"

"Ya plamu. Natengeneza mwenyewe."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Haya, lete hayo maji ya matunda. Tutaona kama wazee watakunywa au watanawa mikono."

Mwingine angeenda kutafuta asali. Mimi nilienda Limuru nikarudi na magunia ya plamu. Mimi na mke wangu tulizikamua kwa mikono mpaka kucha zikawa za zambarau. Halafu nikachimba pembeni mwa chumba, shimo la kufika kifuani, nikalizungushia vipande vya matofali na magunia niliyoyalowesha kila asubuhi. Jirani yangu, fundi wa viatu kutoka upande wa Kisumu, alichungulia mlangoni.

"Omera, unachimba choo ndani ya nyumba?"

"Nachimba mahari," nikamwambia.

Sikuwa na kipimo chochote, na kama ningekuwa nacho nisingejua kukisoma. Nilikuwa na sikio. Kila jioni niliingia shimoni nikaliegemeza kwenye chupa. Mwanzoni waini ilinong'ona kama watu wengi kanisani. Machi ikabaki kama mtu mmoja anasali. Aprili, kimya. Hapo nikaihamisha kwa mpira, nikaacha machicha chini, nikaosha chupa, nikairudisha shimoni kungojea Julai. Ile baridi ya Julai, ya ukungu mpaka saa sita mchana, ambayo kila mtu Nairobi anailaani, mimi niliingoja kama mshahara. Ndiyo inayoivuta taka yote chini, waini ikabaki inang'aa.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, baba mdogo alikuja kutoka nyumbani kunisindikiza kwa wakwe. Huyu ndiye aliyekuwa mpika pombe wa ukoo wetu, anayeitwa kila penye sherehe. Tulimwacha chumbani, mimi nikaenda kazini, mke wangu akaenda sokoni. Niliporudi, chumba kilikuwa moto kama tanuri. Chupa moja ilikuwa nje ya shimo, imevikwa blanketi, jiko la makaa huku na jiko la jirani kule. Mpira wa mdomoni ameung'oa. Ndani ametia asali na tunda kavu la muratina la kuchachusha, na povu linapanda.

"Baba mdogo, umefanya nini?"

"Nimekuokoa. Pombe yako ilikuwa baridi kama maiti, wala haisemi kitu."

"Ilishamaliza kusema tangu Aprili!"

"Pombe isiyochemka utampa mzee gani? Kijana, hii kazi niliianza kabla hujazaliwa."

Ile ya pili ilimshinda uzito, mgongo ulikuwa unamsumbua. Mungu aubariki mgongo ule. Hii ya kwanza, kabla ya siku kufika, ikawa siki ya kachumbari. Sikumtukana. Alifanya kama mikono yake ilivyofundishwa. Lakini usingizi nilikosa, maana sasa mke wangu alikuwa ameningʼinia kwenye chupa moja.

Tuliibeba kwa mkokoteni mpaka Kawangware, imevikwa magunia mabichi, mimi nasukuma, baba mdogo mbele anafukuza mbuzi. Wazee walikuwa wamekaa sebuleni kwa mzee. Nikajaza pembe ya kunywea, nikampa mke wangu, kama desturi ilivyo. Baba yake akamuuliza mbele ya watu wote:

"Binti yangu, tuinywe pombe hii?"

"Inyweni, baba." Akaonja, akampa.

Mzee akanusa. Akainua pembe dirishani kutafuta uchafu, hakuuona. Akanywa kidogo, akafumba macho. Baba mdogo alikuwa ananifinya paja.

"Ni baridi," mzee akasema.

Akanywa tena, safari hii funda kubwa.

"Imekaa siku ngapi?"

"Miezi saba, mzee."

"Miezi saba ndani ya nyumba, na hukuionja?"

"Hata tone," nikasema.

Mke wangu akakohoa. Ni yeye aliyekuwa akichora mstari wa makaa kwenye chupa kila Jumapili, pale waini ilipofika, na kila Jumapili mstari ulishuka. Mzee akamgeukia. "Wewe unakohoa nini?"

"Ni baridi ya Mashimoni, baba."

Mzee akamaliza pembe, akainyoosha tena kwangu. "Jaza. Mwanamume aliyeilinda pombe miezi saba, na msichana wangu atamlinda." Wazee wengine wakaanza kulalamika kwamba anawachelewesha.

Siku hizi nina ploti yangu huko huko Kawangware, ukuta kwa ukuta na ya baba mkwe, na mashimo manne yaliyojengwa kwa mawe. Plamu ni zile zile za Limuru. Mke wangu bado anachora mstari wa makaa kila Jumapili.