Lebo Ambayo Kimeli Alibandua

Nyinyi mnanichosha. Kila siku mnalia eti serikali imelala, tunauziwa sumu. Ikiamka ipige dawa marufuku, mnaficha jerikeni. Kama Kimeli.

Kimeli alikuwa na duka la dawa za shamba pale Rhonda, mtaa wa Nakuru. Maofisa walipopita wakikusanya dawa moja ya nyanya iliyopigwa marufuku, alikuwa amebaki na nusu jerikeni. Akabandua lebo, akaisukuma nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Alijiambia akimaliza hiyo, basi.

Ijumaa moja Shiko, anayeuza sukuma wiki soko la Kaptembwo, mtaa wa jirani, akaingia akijikuna.

"Boss, kunguni wamenishinda. Wananijua mpaka jina."

"Wako wamesoma, mathe. Ngoja."

Akammiminia ile ya jerikeni kwa chupa ya soda. Alimwambia apulizie godoro halafu atoke nje. Hakumwambia ni ile ya nyanya iliyopigwa marufuku. Jioni mvua ikashika, na Shiko anaishi chumba kimoja. Angetoka aende wapi? Akapulizia, akalalia hilo godoro.

Kesho yake saa mbili asubuhi Ogada, jirani ya Shiko, akasimamisha boda mlangoni bila kuzima.

"Shiko yuko hosi. Mate inamtoka kama bomba, kupumua ni shida. Daktari anataka jina ya ile dawa."

"Ni ya kunguni tu. Ya kawaida."

"Nikamwambie 'ya kawaida'? Kimeli, si wewe ndio ulipima?"

"Jina sikumbuki."

Ogada akamwangalia, akaenda.

Kimeli alikumbuka jina vizuri sana. Ameiuza miaka nane. Akafagia mahali palikuwa pamefagiliwa. Mteja akaitisha dawa ya kupe, akampa ya minyoo. Kila boda ikipita alidhani inaleta habari ya kifo, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa anawaza leseni kwanza, Shiko baadaye.

Saa tano akabeba jerikeni yenyewe mpaka hospitali. Daktari akaandika jina, akamtuma nesi mbio, halafu akauliza, "Uliulizwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

Daktari akaangalia saa ya ukutani, akarudi wodini.

Shiko alitoka wodi siku ya tisa. Maofisa walifunga duka, na hiyo Kimeli anasema haimsumbui. Kinachomsumbua ni akipita sokoni, anaona Shiko akifunga sukuma na vidole ambavyo tangu ile dawa havijaacha kutetemeka, na bado mama wa watu anamsalimia.

Wewe unayesoma hii ukiwa nyuma ya kaunta, nakuomba kitu kimoja. Ukiulizwa ulimuuzia mtu nini, jibu mara ya kwanza.